Wananiuliza "Sorry?" Kila Nikifungua Mdomo: Je, Nibadilishe Lafudhi?

"Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 36, na huu ni mwaka wa tatu nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huku Yorkshire, Uingereza. Kiingereza nimekisoma tangu shuleni, mtihani wa lugha nilifaulu, na ripoti zangu za maandishi zinasifiwa. Shida ni mdomo. Nikiongea naambiwa 'Sorry?', nikirudia naambiwa tena, mpaka mwenzangu anisaidie kusema. Kwenye simu ndiyo balaa. Juzi nilipiga duka la dawa kuulizia paracetamol ya bibi mmoja, jina la dawa nikalirudia mara nne. Na wiki iliyopita nesi wa zamu aliniuliza kuhusu mama mmoja, 'So she's not had her tablets?', nikajibu 'Yes'. Akaandika kwamba ameshapewa. Tuligundua mapema, hakuna aliyeumia, lakini usiku ule sikulala. Kuna kozi ya mtandaoni ya kuondoa lafudhi, pauni 900. Nilipe? Mume wangu anashauri pia tuache Kiswahili nyumbani ili ulimi wangu uzoee, ingawa tuna mtoto wa miaka tisa. Nifanye nini?"

Dada yangu, pole kwa usiku ule. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ninavyoielewa, kuchekwa hakukusumbui sana. Unaogopa kwamba siku moja mzee ataumia kwa sababu ya neno lililotoka vibaya mdomoni mwako. Ni hofu ya mtu anayeithamini kazi yake, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu. Ila la haraka nikupe kwanza: pesa usilipe, Kiswahili msikiache, na lile kosa la "Yes" halikutokana na lafudhi hata kidogo.

Watu wengi huamini kwamba lafudhi nzito na kutoeleweka ni kitu kimoja. Mwaka 1995 watafiti wawili wa Kanada, Murray Munro na Tracey Derwing, waliwarekodi watu wanaozungumza Kimandarini wakiongea Kiingereza, kisha wakawapa wasikilizaji kazi ya kuandika neno kwa neno walichosikia. Wako wasemaji walioambiwa lafudhi yao ni nzito sana, na bado maneno yao yaliandikwa yote bila kosa. Mtu anaweza kusikika Mtanga mtupu na akaeleweka kila neno. Kwa hiyo kuondoa lafudhi tuweke kando. Tunachotafuta ni sehemu chache zinazomfanya msikilizaji apotee njia, na kwa Mswahili sehemu hizo zinajulikana.

Ya kwanza, na ningeweza kuandika barua nzima juu yake peke yake, ni mkazo, yaani ile silabi ya neno inayopewa uzito kuliko nyingine; hapa nitaiandika kwa herufi kubwa. Wewe unaujua mkazo kuliko unavyodhani. Sema "barabara" ya magari: baraBAra. Sasa sema "amefanya kazi barabara": baRAbara. Herufi ni zilezile, neno ni jingine. "Walakini" nayo ni hivyohivyo: waLAkini ya kuunganisha sentensi, na walaKIni ya dosari. Kwetu maneno ya namna hii ni ya kuhesabu, kwa sababu karibu kila neno la Kiswahili hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho. Ulimi umezoea hivyo tangu utotoni, wala hauombi ruhusa. Kiingereza hakina kanuni nyepesi kama hiyo. Kila neno lina mahali pake, na msikilizaji wake hupategemea sana.

Tuichukue hiyo paracetamol iliyokutesa. Mwingereza husema pa-ra-SII-ta-mol, wengine pa-ra-SE-ta-mol. Wewe, nadhani, unasema pa-ra-se-TA-mol, na ukichoka pa-ra-se-ta-MO-li. Sauti zote zipo. Lakini aliyezaliwa na Kiingereza hakai akisikiliza herufi moja moja. Sikio lake hudaka silabi yenye nguvu na kuitumia kama mlango wa neno, maana maneno mengi sana ya Kiingereza huanza na silabi ya nguvu. Akisikia "TA" ikigongwa, akili yake inakimbilia kutafuta neno linaloanzia hapo, halipati, na wakati huo wewe umeshafika mwisho wa sentensi. Ndipo "Sorry?" inapotoka. Nawe unarudia vilevile kwa sauti kubwa zaidi, ukikaza palepale pasipo mahali pake. Mara nne, kama ulivyosema.

Ibuprofen nadhani haikupi taabu kiasi hicho, kwa kuwa mkazo wake, ai-byu-PRO-fen, umeangukia kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama wetu. Lakini angalia haya unayoyatumia kila siku: insulin ni IN-su-lin, tunapenda kusema in-SU-lin. Warfarin ni WO-fa-rin. Catheter ni KA-the-ta. Ambulance, AM-byu-lans. Pharmacist, FA-ma-sist. Hospital, HOS-pi-tal. Yote tunayasukuma mbele silabi moja.

Sasa jinsi ya kujizoesha, na hapa wengi wanakosea. Wanadhani kukaza ni kupiga kelele. Mkazo wa Kiingereza ni urefu: silabi moja inavutwa na kupandishwa kidogo, na zinazobaki zinamezwa. Kiswahili huipa kila irabu haki yake, a ni a popote iwapo. Kiingereza huzinyonya irabu zisizo na mkazo mpaka zinabaki kama pumzi. Kwa hiyo anza na kumeza. Sema "HOS", vuta, kisha "pitl" upesi na kwa unyonge, kana kwamba hutaki kuimaliza. Utajisikia kama unalisema neno kwa uvivu. Hapo ndipo linapokaa sawa. Andika maneno thelathini ya kazini kwako, yasizidi, na kila moja lipigie mstari silabi yake. Kamusi nyingi za mtandaoni zina kitufe cha sauti. Sikiliza, rudia, jirekodi kwenye simu, linganisha. Dakika kumi kabla ya zamu zinatosha. Wanafunzi wangu watu wazima niliowafundisha kwa njia hii huanza kuona tofauti ndani ya wiki chache, na wa kwanza kuiona huwa ni wenzao wa kazini.

Mkazo huohuo ndio unaochanganya namba. Fifteen kwa kanuni yetu inakuwa FIF-tin, na fifty ni FIF-ti. Zimebaki kutofautiana kwa ile n ya mwisho, ambayo kwenye simu haifiki. Kwenye dawa usiibahatishe. Sema "fifteen, one five", au "fifty, five zero", kila mara, hata kama mwenzako anaonekana ameelewa.

Kuna neno dogo la hatari kuliko hayo yote: "can". Mwingereza akisema anaweza, neno hilo analimeza karibu lote, linabaki "kn". Akisema hawezi, analivuta, "kaant", na mara nyingi t ya mwisho inazama kwenye neno linalofuata. Basi sikio lake haliingojei t, linapima irabu: ikimezwa anaweza, ikisikika wazi hawezi. Sisi tunaisema "kan" kwa a nzima iliyoshiba. Unaweza kumwambia "she can swallow" akasikia kwamba mgonjwa hawezi kumeza. Ushauri wangu ni kuliacha neno hilo kwenye jambo lolote la usalama. Sema "she is able to swallow", au "she is not able to swallow". Ni ndefu kidogo, lakini haina njia mbili.

Kwenye sauti moja moja sitakaa sana. Th ya "three" na ile ya "this" unazo tayari, umekua ukisema thelathini na dhahabu, na watu wa lugha nyingine nyingi hukesha wakizitafuta. Kazi yako iko kwenye irabu. Sisi tuna tano, Kiingereza cha Uingereza kinakaribia ishirini ukihesabu na zile za kuunganika. Kwa hiyo "hat", "hut", "heart" na "hurt" kwetu zinaelekea kuwa kitu kimoja. Shughulikia jozi zinazogusa kazi yako, hasa "heart" na "hurt", na "work" na "walk", kisha uziache zilizobaki. Na mwisho wa neno funga mdomo: "bed" iishie kwenye d, isipate ka-i mgongoni.

Turudi kwenye ile "Yes" yako, maana najua ndiyo inayokuuma. Kwetu mtu akikuuliza "Hajapewa dawa?", na kweli hajapewa, unajibu "Ndiyo", yaani ulivyosema ni kweli. Unaliunga mkono swali. Kiingereza hakiangalii swali limekaaje, kinaangalia tendo. Kama tendo halikufanyika, jibu ni "No". Ungekuwa na lafudhi ya mtangazaji wa redio ya London, bado nesi yule angeandika vilevile alivyoandika. Na yeye pia ana sehemu yake, kwa sababu kuuliza habari za dawa kwa swali la kukanusha ni hatari katika lugha yoyote. Tangu leo, kwenye mambo ya mgonjwa, "yes" na "no" tupu zife. Jibu kwa sentensi nzima: "She has not had her tablets." Na ukiwa wewe ndiye unayeuliza, uliza bila kukanusha: "Has she had her tablets?"

Kosa hilo la "Yes" lina ndugu zake wawili, na ningependa uwajue kabla hawajakutembelea. Mmoja ni saa. Saa mbili asubuhi ni "eight", hilo unalijua, lakini alfajiri ya mwisho wa zamu ya usiku, mwili ukiwa umechoka, akili inahesabu Kiswahili na mdomo unatafsiri namba peke yake, unatoka "two". Usiutaje muda kutoka kichwani. Tazama saa ya ukutani au kumbukumbu ya dawa, usome tarakimu kama zilivyo, 08:00 au 20:00. Wa pili ni "he" na "she". Kiambishi chetu cha a- hakibagui mwanamume na mwanamke, ndiyo maana hata waliosoma sana huteleza hapo. Katika nyumba yenye wazee thelathini, "he" ikikaa mahali pa "she" inampeleka nesi kwenye chumba kingine. Taja jina, na ulitaje tena.

Halafu kuna mpangilio wa maneno. Umelelewa Tanga, huwezi kuanza na shida kabla ya salamu. Unabisha hodi, unauliza hali, unaeleza jambo lilivyoanza, na mwisho unagusia unachokitaka, kwa upole: samahani, nilikuwa naomba. Ni adabu njema na usiipoteze. Ila kwenye simu ya kazi, daktari wa Uingereza anayesikia maelezo marefu anakaa akisubiri jambo lenyewe, na lafudhi asiyoizoea inamchosha kabla hujafika. Geuza: "This is fulani from nyumba fulani. I am calling because Mrs fulani has fallen and her hip is painful. I need someone to see her tonight." Baada ya hapo eleza historia. Hospitali nyingi za huko zina mpangilio wa aina hii unaoitwa SBAR: hali ilivyo, historia, unavyoiona wewe, unachotaka kifanyike. Mwombe msimamizi wako akuonyeshe.

Usiyaone haya madogo. Januari 25, 1990, ndege ya Avianca safari namba 52, kutoka Kolombia kwenda New York, iliishiwa mafuta ikaanguka Cove Neck, na watu 73 walikufa. Marubani walikuwa wamewaambia waongoza ndege kwamba mafuta yanaisha. Hawakutamka neno "emergency", neno ambalo lingewafanya watu wa chini waache kila kitu na kuwapa njia. Kiingereza chao kilisikika. Kilichokosekana ni neno moja la kumwamsha msikilizaji. Kwa hiyo jambo likiwa la dharura, sema ni dharura, mapema, bila kulizungushia samahani.

Na ukiulizwa "Sorry?", usirudie sentensi nzima. Uliza ni sehemu gani haikufika, au badilisha neno lenyewe. Paracetamol ikikataa, sema "the painkiller, P-A-R-A". Ukitaja herufi uwe macho, maana a, e na i zetu siyo zao: ukisema "i", yeye anaandika E. Tumia majina ya herufi ya marubani, Alfa, Bravo, Charlie, India. Na kabla hujakata simu mwombe akusomee alichoandika. Wengine huona aibu kuomba hivyo, lakini ndivyo marubani na waongoza ndege wanavyofanya kila siku, Waingereza kwa Waingereza.

Kuongea polepole kunasaidia kwa sharti. Ukitenganisha kila neno kama mtoto anayesoma, unauvunja ule mkazo tunaoujenga. Pumzika kati ya mafungu ya maana, na ndani ya fungu maneno yaende kwa mwendo wake.

Sasa nikutetee kidogo, kwa kuwa umeandika kana kwamba mzigo wote ni wako. Wazee unaowahudumia wengi wamepungukiwa na usikivu, na uzeeni sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea: s, f, th, t. Hata mjukuu wa mzee mwenyewe anaulizwa "Sorry?". Simama mbele yake, uso wako uwe kwenye mwanga, tumia sauti nzito badala ya nyembamba, na hakikisha kifaa chake cha kusikia kiko sikioni na betri ni nzima. Na simu za kawaida zilitengenezwa kupitisha sauti kati ya takribani Hz 300 na 3400 tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya hizo s na f haifiki upande wa pili, awe anaongea nani.

Wako pia wasiosikia kwa sababu wameshakuona. Mwaka 1992, Marekani, mtafiti Donald Rubin aliwachezea wanafunzi wa chuo mhadhara uliorekodiwa na mzungumzaji mzawa wa Kiingereza, huku wengine wakionyeshwa picha ya mwanamke mzungu na wengine picha ya mwanamke wa Kiasia. Sauti ilikuwa moja. Walioonyeshwa picha ya Mwasia walielewa machache kuliko wenzao. Hilo hakuna zoezi la ulimi litakaloliondoa, na halikuhusu. Lakini likivuka mpaka, ukaigizwa unavyoongea au ukanyimwa zamu kwa sababu ya lafudhi, usilimeze. Sheria ya usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inakataza kubaguliwa kwa asili yako. Andika tarehe na maneno yaliyosemwa, ongea na chama chako cha wafanyakazi, au wapigie Acas, shirika la Uingereza linaloshauri kuhusu haki za kazini, ushauri wao ni wa bure.

Nawe una haki ya kuuliza "Sorry?". Kiingereza cha Yorkshire hukufundishwa shuleni. Mzee akisema "nowt" anamaanisha hakuna kitu, "summat" ni kitu fulani, na wazee wengine husema "nine while five", yaani saa tatu mpaka saa kumi na moja. Kwa wengi wao "dinner" ni chakula cha mchana na "tea" ni cha jioni. Dawa ya kunywa pamoja na "dinner", uliza ni saa ngapi.

Kuhusu zile pauni 900: mtu mzima kuipoteza kabisa lafudhi yake ni jambo la nadra, na anayekuahidi hivyo kwa wiki chache anakuuzia ndoto. Mwalimu mzuri wa matamshi ana faida, sikatai. Utamjua kwa dalili moja, kwamba kabla ya kukufundisha chochote anakusikiliza na kukuambia wewe hasa unapotelea wapi. Jaribu maneno thelathini kwa miezi mitatu. Mwombe pia mwenzako mmoja unayemwamini asikusemee tena, badala yake akuambie neno gani hakulipata. Baada ya hapo, kama bado simu inakushinda, lipia masaa machache ya ana kwa ana ukiwa na orodha yako mkononi.

Lafudhi si ugonjwa, haitaki daktari. Lakini yako mambo ya kwenda kuonana na mtu. Kama wewe mwenyewe husikii vizuri penye watu wengi, kapimwe masikio, kwa sababu asiyesikia sauti hawezi kuiiga. Kama una kigugumizi hata ukiongea Kiswahili, mtaalamu wa tiba ya usemi atakufaa. Sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, mwone daktari wako. Na maneno yakianza kuteleza ghafla, kwa Kiswahili na Kiingereza vyote, au uso ukalegea upande mmoja, piga 999 palepale, kwako au kwa mzee yeyote.

La mwisho, Kiswahili nyumbani. Mwambie mumeo nimeielewa nia yake, lakini ulimi haujai kama ndoo hata umwage lugha moja upate nafasi ya nyingine. Mkisema Kiingereza ninyi wawili jikoni, mtakuwa mnarudishiana in-SU-lin ileile, na mtoto atabaki bila lugha ya kuongea na bibi yake Tanga. Na huyo mtoto, akiwa anasoma shule ya huko, sikio lake limeshashika mkazo wa Kiingereza. Mpe ile orodha ya maneno thelathini akusomee jioni, wewe urudie mpaka akubali. Kisha zamu iwe yake: muulize tofauti ya barabara na barabara.